Habari Aliyoisoma Redio Ijumaa

Barua ya shule aliileta Redio mwenyewe, imekunjwa mara nne, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka jino lake lililong'oka. Mama yake alikuwa akimenya viazi. Alifuta mikono kwenye gauni, akaikunjua, akaisoma kwa kidole.

"Mzazi afike ofisini kesho saa nne bila kukosa. Kuna nini?"

"Sijui."

"Wewe? Mtaa mzima wakitaka kujua bei ya saruji wanakuuliza wewe. Barua yako mwenyewe huijui?"

Baba, aliyekuwa akitoa chembe za chuma kwenye kucha zake, alicheka. Yeye ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha. "Leo redio haina betri," alisema.

Jina hilo mtoto alilipata kwa kusoma magazeti kwa sauti, tangu akiwa na miaka mitano, barazani, huku majirani wamekaa wanasikiliza. Mtoto akawa Redio, mama akawa Mama Redio, na hata baba, mtu asiyependa maneno, akaitwa Baba Redio. Magazeti yalikuwa ya bure. Mama alifanya kazi kwenye ghala la karatasi chakavu, akichambua: maboksi huku, karatasi za ofisini huku, magazeti kule. Kila Jumamosi aliruhusiwa kuondoka na machache. Wenzake walichukua ya kufungia vitu. Yeye alichukua ya kumfundishia mtoto kusoma, na hilo alijivunia kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Sema," baba alisema, sasa hacheki.

"Nilisoma habari tu. Kila Ijumaa lazima mmoja asome habari mbele ya darasa. Mimi nikasoma ile ya wakimbizi, ile ya kwamba wamekuwa mzigo." Redio alikuwa akiitazama sakafu. "Halafu nikasema, mwalimu, na sisi tunaye mmoja humu. Nikamwonyesha."

"Ukamwonyesha nani?"

"Yule mgeni. Aliyekuja muhula huu. Wenzangu wakacheka. Halafu wakalisukuma dawati lake nyuma kabisa, wakamwambia asinywe kwenye bomba letu. Mimi sikumsukuma. Mimi nilisoma tu."

"Naye?"

"Hajaja tena. Siku ya nne leo."

Baba aliacha kucha zake. "Na maneno ya kunyoosheana vidole, hayo nayo uliyakuta gazetini?"

Redio alimtazama mama yake. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kama mtoto anayetafuta shahidi. "Mama ndiye aliyesema kweli wamezidi. Alimwambia mama wa mkaa. Alisema wangerudi tu kwao, tupumue. Nilikuwa pale."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Mume akamtazama mkewe, mke akakitazama kiazi. Ndani ya chumba kile watu wawili walijua jambo ambalo wa tatu hakulijua: kwamba Mama Redio aliuvuka mpaka kwa miguu, siku sita, na mtoto wa miezi saba mgongoni, na kwamba mtoto huyo ndiye huyu aliyesimama hapa na sare ya shule. Fundi alimwoa mwanamke huyu mtoto akiwa anajifunza kutembea, akampa mtoto jina lake. Redio hakumjua baba mwingine. Kuhusu ndugu za mama, alichoambiwa ni kwamba walikuwa watu wa kaskazini, na walikwisha kufa. Kufa walikufa kweli. Hapo hakudanganywa.

"Nenda kanawe, ule," mama alisema.

Mtoto alipotoka, mume alisema kwa sauti ya chini, "Mama Redio, umemlisha mwenyewe."

"Ningesema nini? Mama wa mkaa ananitazama usoni anasema wamezidi, mimi ninyamaze? Anayenyamaza ndiye anayeulizwa."

"Basi kesho twende wote."

"Wewe una mlango wa mtu wa kumaliza. Nitakwenda mimi."

* * *

Asubuhi alipita ghalani kuomba ruhusa. Bosi wao walimwita Mizani, kwa kuwa alikuwa hamwamini mtu wala kitu mpaka kimepimwa. Alikuwa amekaa juu ya boksi anasoma gazeti la siku ile, kabla halijawa chakavu.

"Shule? Mtoto wako si ndiye mwenye akili?"

"Ndiye huyo huyo, bosi."

"Wenye akili ndio wasumbufu. Nenda, saa sita nikuone hapa."

Mwezi uliopita, Mizani huyo huyo alikuwa amekaa juu ya boksi hilo hilo akasoma habari kwamba wageni wanachukua kazi za wenyeji. Alipoinuka alitaka vitambulisho vya wachambuaji wote. Wanawake wawili hawakuwa na vya wenyeji. Waliambiwa wavue aproni waziache pale pale. Mama Redio alikuwa na kitambulisho, alichokipata kwa ndoa. Alikionyesha, akarudi kufunga bunda lake kwa kamba, na wale wawili walipokuwa wakipita getini alijisikia akisema, wala hakuna aliyemuuliza, "Afadhali, bosi. Walikuwa wanatubana." Mmoja wa wale wanawake aligeuka. Labda alijua. Watu wa kwao wanajuana hata kwa kufunga kitambaa.

Mama Redio ni mtu ambaye angeweza kukueleza gazeti linavyobadilika, kwa sababu magazeti yalipita mikononi mwake mwaka baada ya mwaka, yamefungwa mabunda. Mwaka ule alioingia nchini, picha ilijaza ukurasa wa mbele: mwanamke na mtoto wake, karibu sana, mpaka unayaona machozi. Juu yake wakaandika kwa herufi nyekundu, WAFUNGULIENI MILANGO. Watoto wa shule walipeleka mablanketi, na gazeti likachapisha majina ya shule zao. Mwaka wa pili habari ikahamia ukurasa wa tano. Mwaka wa tatu hapakuwa na uso tena, ni hesabu tu: elfu hamsini, elfu sabini. Kisha picha zikarudi, lakini zimepigwa kutoka mbali na juu, watu wanaonekana kama siafu waliomwagiwa maji. Halafu bei za vitu zikapanda, na wakimbizi wakarudishwa ukurasa wa mbele, herufi zile zile nyekundu, wakiwa pamoja na wezi, maradhi na foleni za hospitali. Hakuna siku gazeti lilipotangaza kwamba limebadili moyo. Lilibadilika kama maziwa: umelala ni maziwa, umeamka yameganda.

Mwanzoni alikuwa akizikata habari hizo kwa mkasi kabla ya kupeleka magazeti nyumbani, asije mtoto akauliza maswali. Mtoto akayaona matundu. "Mama, hivi panya wa ghalani kwenu anajua kusoma?" Mama akacheka, na kuanzia wiki ile akaacha kukata. Alichoka. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hata mumewe hakumwambia.

* * *

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la chuma, meza moja, na viti vinne ambavyo havikufanana. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na sauti yake ilikuwa imekwisha kustaafu. Makamu wake, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, ndiye aliyeshika faili. Redio alisimamishwa karibu na kabati. Kwenye kiti cha tatu alikaa bibi mmoja mwembamba, ndala miguuni, mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Huyo ndiye bibi wa mtoto mgeni. Mtoto mwenyewe alikataa kuja.

Mama Redio aliingia akasalimia, "Shikamooni." Alipokiona kitambaa cha kichwani cha yule bibi, kilivyofungwa fundo dogo nyuma ya sikio kama kwao, alichagua kukitazama kiti chake.

"Mkalimani tuliyempigia yuko kwenye mafunzo," makamu alisema. "Lakini tutaelewana tu. Mama Redio, sisi hatukukuita kukulaumu. Mtoto wako alisoma gazeti. Hakuiba, hakupigana. Ila darasa limechafuka, unaona. Tumeona kwa usalama wa yule mtoto, ahamie shule ya kambini. Huko ni wenzake watupu, lugha moja, atafurahi. Bibi akiweka dole gumba hapa, tumemaliza. Mwanao ataonywa, basi."

"Kambini ni mbali," mwalimu mkuu alisema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

"Kilomita ishirini tu, mwalimu."

Bibi alikuwa akiwafuata kwa macho, mmoja mmoja. Kisha akasema maneno marefu kwa lugha ya kwao. Makamu aliinamisha kichwa kwa heshima. "Ndiyo, bibi. Ndiyo, ndiyo."

Bibi aliguna, akasema peke yake, "Huyu anaitikia kama mbuzi."

Mama Redio aliuma shavu kwa ndani asicheke. Ilikuwa miaka tisa na ushei tangu asikie mtu akitukana kwa lugha ile. Ilimwingia mwilini kama uji wa moto, kabla hajakumbuka kuogopa.

Makamu aliifungua ile fomu, akakisogeza kisanduku cha wino. Bibi akamtazama mwalimu mkuu, mwanamke mwenzake, akauliza polepole, kwa ile lugha, kama vile upole ungeweza kutafsiri: "Mwanangu, nikiweka dole hapa, mjukuu wangu anarudi darasani? Analia usiku na mchana. Hataki kitu kingine, anataka kusoma tu."

"Ndiyo, ndiyo," makamu alisema.

Basi bibi akatabasamu. Meno yake yalikuwa manne. Akakichovya kidole gumba kwenye wino, akakizungusha vizuri, maana hili alikwisha kulifanya mara nyingi kwenye meza nyingi.

Kwa Mama Redio dakika ile ilikuwa ndefu. Aliliona boksi la Mizani. Aliiona aproni inavuliwa. Alimwona mama wa mkaa akiegemea mlango anawahadithia watu. Angenyamaza, saa sita angekuwa ghalani, na binti yake angeonywa, na mambo yangepoa. Hakuna mtu humu ndani angejua kwamba alisikia. Isipokuwa yeye. Na kidole kilikuwa kinashuka.

"Mama, usibonyeze," alisema kwa lugha ya kwao. "Wanamhamisha mtoto. Ukiweka dole, hatarudi hapa tena."

Kidole kilibaki hewani, cheusi. Bibi aligeuka kwa mwili wote. Makamu naye aligeuka. Redio, pale kabatini, aliinua uso.

"Wewe ni wa nani?" bibi aliuliza. Swali lenyewe halikuwa kwamba unatoka wapi. Kwao mtu huulizwa watu wake. Na Mama Redio, ambaye hakuwa amewataja tangu mtoto awe na meno mawili, alijibu: jina la baba yake, la mama yake, la kijiji, la mto.

Bibi alifumba macho kidogo. "Huo mto naujua," alisema.

"Samahani," makamu alisema. "Mama Redio, unaijua lugha yao? Umejifunzia wapi?"

"Sikujifunza."

Makamu akasema, "Kumbe," neno dogo tu, akaiangalia simu yake iliyokuwa mezani, kisha akamwangalia mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu, ambaye kwa saa nzima alikuwa hana sauti, aliivuta ile fomu kwa kidole kimoja, akaitia kwenye droo, akafunga.

"Yatakayosemwa humu yatabaki humu," alisema. "Nakuambia wewe, makamu, hasa. Haya, mama, sasa tafsiri. Anasemaje?"

"Alikuwa anauliza kama kwa dole hili mjukuu wake anarudi darasani. Akajibiwa ndiyo."

Makamu aliikunja mikono ya shati, ingawa palikuwa na baridi.

Bibi alikuwa anasema tena. Mama Redio alisita. "Anasema hakuna aliyemweleza huyu mtoto alisoma nini hasa. Mjukuu wake anakataa kumwambia. Anataka kuyasikia."

"Hakuna haja," makamu alisema. "Tutamuumiza mtu mzima."

"Wametajwa watu wake," mwalimu mkuu alisema. "Ana haki ya kuyasikia. Redio, kile kipande kimo kwenye faili. Soma. Mama yako atatafsiri."

Mtoto huyu, ambaye watu waliacha kazi zao kumsikiliza barazani, alikishika kile kipande akasoma kwa sauti isiyofika hata mlangoni. "Wakimbizi wamegeuka mzigo usiobebeka kwa wananchi."

Mama akatafsiri. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba bunda. Miaka yote aliyachambua maneno haya kwa uzito, kilo na kilo. Leo ndiyo mara ya kwanza kuyatia kinywani kwa lugha ya mama yake.

"Wamemaliza dawa hospitalini," Redio alisoma.

Mama akatafsiri. Bibi akautazama mguu wake uliofungwa kitambaa, akasema kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema hizo dawa walioonja wamweleze zina ladha gani. Mguu huu anautibu kwa chumvi tangu mwaka juzi."

Mwalimu mkuu alijikohoza, na hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko.

"Wanazaa ovyo, na watoto wao wanajaza madarasa ya watoto wetu." Hapo sauti ya Redio ilikatika. Alikuwa anamtazama mama yake kinywani, namna kinywa kile kilivyokwenda upesi, bila kutafuta, kwa maneno ambayo yeye hakuelewa hata moja.

Bibi hakufanya mzaha safari hii. Alimnyooshea Redio kile kidole chenye wino, bila hasira, akauliza swali fupi. Mama akajibu kwa neno moja.

"Tafsiri yote, mama," mwalimu mkuu alisema kwa upole.

Angeweza kusema lolote. Hakuna ambaye angejua. "Ameuliza," alisema, "mwanangu alizaliwa wapi."

"Na umemjibu nini?"

"Nimemjibu, kule kule."

Kipande cha gazeti hakikuanguka. Redio alikikunja mara mbili, kisha mara nne, kama alivyoikunja ile barua, akakirudisha kwenye faili. Mwalimu mkuu akasema mtoto mgeni arudi Jumatatu, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa darasani siku hiyo, na dawati litarudi mbele. Mama Redio akatafsiri. Bibi aliinuka kwa kushika meza, na alipompita Redio alimgusa shavu kwa mkono ule ambao haukuwa na wino. Redio alisema, "Samahani, bibi." Hakuna aliyehitaji kulitafsiri hilo.

* * *

Walitoka getini, mtoto mbele, mama nyuma hatua kumi. Mwalimu mkuu alimruhusu aende nyumbani kwa leo. Barabara ilikuwa inakarabatiwa, wafanyakazi wamefungua mtaro, watu wanapita juu ya ubao mmoja mmoja. Saa ya ukutani kwenye duka la dawa ilionyesha saa sita kasoro dakika chache. Ghalani Mizani alikuwa anaangalia mlango. Kama "kumbe" ya makamu ilikwisha kufika huko, hakujua. Kesho angejua. Alishangaa kwamba hilo, lililomnyima usingizi miaka yote, sasa lilikuwa jambo la pili.

Redio alivuka ubao, akamngoja upande wa pili. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha mama kuliko kilio.

"Baba anajua?"

"Anajua. Tangu mwanzo."

"Yule ni baba yangu?"

"Ni baba yako. Aliyekuzaa alikufa kabla hatujafika mpakani. Nilitaka kukuambia ukikua."

"Ile habari," mtoto alisema. "Na nyingine zote. Zinasema mimi?"

"Zinasema sisi."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Lori la kokoto lilipita, wakasogea ukutani. Redio alingoja vumbi litue.

"Mwanzo ulikuwa unakata. Mimi niliyaona matundu. Halafu ukaacha. Kwa nini uliniacha nisome?"

Ile sababu ambayo hakumwambia hata mumewe ilikuwa imekaa kifuani miaka minne, naye akaona kwamba uongo wote aliokuwa nao umekwisha kutumika.

"Nilidhani ukichukia kama wao," alisema, "hakuna atakayekutilia shaka."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria vizuri, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye akili, mwalimu wake alikuwa akisema hivyo kila mwisho wa muhula.

"Kweli," alisema. "Hata mimi sikujitilia."

Mama alimnyooshea mkono. Redio aliutazama mkono ule kwa muda, wenye madoa ya wino wa magazeti ambao hautoki kwa sabuni. Hakuushika. Aliushusha mkoba wake mgongoni, akamning'inizia mama kwenye vidole vile, ambebee, kisha akatangulia tena, mara hii hatua mbili tu.